Chupa Niliyoimwaga Sultan Hamud

Mimi hununua mbuzi kwa mikono. Macho yangu ni mabovu tangu kuzaliwa, kwa hivyo pale sokoni Ikutha wenzangu wakiangalia mbuzi kwa mbali na kubishana, mimi namshika: meno, mgongo, chini ya taya, mapajani. Mbuzi hajui kudanganya, na mwenye mbuzi akijaribu namwambia aende akamuuzie mjomba wake. Wanaume wa pale wananiita Mama Wasiwasi na sijawahi kukataa. Nimezaliwa na ualbino katika boma la watu weusi tititi. Nimekua nikisikia watu wakipita na kusema "hiyo ni pesa inatembea" halafu wanacheka. Kama nimefika miaka arobaini na mbili nikiwa na viungo vyangu vyote, ni kwa sababu siamini mtu haraka.

Lakini wasiwasi huo huo nusura unizike. Ndiyo maana naandika, kwa simu, herufi nimezifanya kubwa kama za bango la kampeni. Namwandikia mtu yeyote mwenye ngozi kama yangu, na yule mwenye ngozi nyeusi anayedhani mambo haya hayamhusu, na hasa yule ambaye ameambiwa kitu na daktari, na moyoni anajiuliza: hawa watu wanataka nini kwangu?

Wacha nianze na jua, kwa sababu ndilo watu wanaloniuliza kwanza. "Si ulikuwa unakaa juani?" Ndiyo, nilikaa juani, soko la mbuzi halina paa. Lakini sikukaa kama mjinga. Nilikuwa na kofia pana, blauzi ya mikono mirefu hata Septemba jua likiwaka mpaka mbwa wanatafuta kivuli, na losheni ya jua ambayo tunapewa hospitalini. Shida ni kwamba losheni hiyo leo iko, kesho haiko, basi nilikuwa naibana. Kidogo usoni, kidogo shingoni, kidogo mikononi, asubuhi mara moja, basi. Miguu niliinyima. Sketi niliivaa ya kufika chini ya goti tu, maana ndefu inafagia mavi ya mbuzi, na chini nilivaa akala, ndala za tairi. Nani anaangalia miguu ya broka wa mbuzi? Kumbe jua lilikuwa linaiangalia, miaka kumi na nane.

Tulikuwa tunavuna ndengu nilipokigundua. Kilikuwa kwenye muundi wa mguu wa kushoto, kipele cha rangi ya waridi, kidogo kama punje ya hindi. Hakiumi. Nilidhani ni jipu, nikangoja litoe mdomo, halikutoa. Nikakiosha kwa maji ya chumvi. Nikapaka utomvu wa kiluma, ule mmea mchungu tunaowawekea kuku kwenye maji wakiugua. Kikatoa damu kidogo, kikakauka, kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Nilikuwa nimesikia kwamba saratani ya ngozi huwa doa jeusi, na hiki hakikuwa cheusi, basi nikatulia. Hilo ndilo kosa la kwanza, lishike: kwa mtu kama mimi kinaweza kuja na rangi ya waridi, kama kitu cha mtoto.

Mume wangu, Mutisya, ni mekanika wa malori Mtito Andei. Anakuja nyumbani Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu. Yeye ndiye aliyeanza kukiangalia kipele hicho kuliko mimi mwenyewe. Jumamosi ya kwanza aliuliza. Ya pili akauliza tena. Ya tatu nilikuwa nimelala mchana chini ya feni, nikasikia simu yake ikilia kwa karibu, tap. Nikafungua macho.

"Umepiga mguu wangu picha?"

"Nataka kumuonyesha mtu."

"Mtu gani?"

"Kuna daktari huwa analeta gari kwetu kutengenezwa. Nimtumie aone."

"Daktari wa magari anatakia nini mguu wangu?"

"Aiya, Mama Mumo! Si ni kwa sababu haukauki?"

Hapo ndipo mdudu aliponiingia. Nimelala na mwanamume huyu miaka kumi na saba, nimemzalia Mumo, binti yetu aliye sekondari ya bweni, na sikuwahi kumshuku. Lakini mwezi ule nilianza kuhesabu mambo. Kwa nini akipigiwa simu anatoka nje? Kwa nini ananiuliza kama kipele kimekua, kama mtu anayengoja kitu kiive? Pale Mtito anaongea na madereva wa kila nchi, wanatoka Mombasa wanaelekea Kongo. Kama kuna mtu anajua bei ya mkono wangu, ni hao. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyowaza, na nikificha, simulizi hii haina maana.

Alinipeleka hospitali mwezi wa tatu, tukingoja mvua ya masika. Tuliketi kwenye benchi refu na watu wakasogea mbali nami, unajua ile nafasi mtu anakupa ambayo si ya heshima. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Aliushika mguu wangu akaugeuza huku na huku.

"Mama, hii siipendi vile inakaa. Tutakata kipande kidogo kiende maabara Nairobi, waangalie."

"Kipande cha nini?"

"Cha ngozi."

Ngai wangu! Inabidi nieleze kidogo hapa. Mama yangu alinilea kwa sheria moja: kitu cha mwili wangu hakiendi kwa mtu. Alininyoa mwenyewe, na nywele akazitumbukiza chooni na kusimama pale mpaka ahakikishe zimeshuka. Kucha vilevile. Nilipomzaa Mumo, mama alimfuata nesi nyumanyuma mpaka kondo la nyuma likazikwa akiona. Sijawahi kuketi saluni maishani mwangu. Sasa mtu ananiambia, tena akitabasamu, kwamba anataka kipande cha ngozi yangu akipeleke Nairobi.

Nilikubali kukatwa kwa sababu Mutisya alinishika mkono, na nikaona aibu kukataa mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa akinihudumia vizuri. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, kinaelea ndani ya kichupa cha plastiki chenye dawa kali. Daktari akasema tukikipeleka wenyewe kitafika haraka zaidi. Mutisya akakichukua, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Hicho kifungo ndicho kilichonimaliza. Kwa nini afunge?

"Lete," nikamwambia tulipotoka nje.

"Nitapeleka mimi. Keshokutwa naenda Nairobi kuchukua spea."

"Nimesema lete."

Aliniangalia, akafungua kifungo, akanipa.

Nilisafiri peke yangu, chupa nimeifunga kwenye leso ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeamua kuipeleka, haki ya Mungu. Basi lilisimama katika mji wa Sultan Hamud watu wakajisaidie. Niliposhuka, kijana mmoja wa kuita abiria akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu akifika Nairobi akiwa mzima, mniite." Watu wakacheka. Hata mama mmoja aliyebeba mtoto alicheka. Mimi nikaenda moja kwa moja nyuma ya hoteli, nikaingia chooni, nikafungua kifuniko. Ile dawa ilinichoma macho. Nikamwaga yote, na nikasimama kidogo, vile mama alivyokuwa akisimama.

Nilinawa, nikaingia hotelini nikaagiza chai na mandazi mawili. Chai ilikuwa tamu, sitawadanganya. Nilijiona mjanja. Nikavuka barabara nikapanda gari la kurudi.

"Wamesema ni nyama ya kawaida tu," nilimwambia Mutisya Jumamosi.

"Karatasi iko wapi?"

"Watapiga simu kukiwa na shida."

"Sawa," akasema.

Simu ya hospitali ililia mara mbili wiki zilizofuata. Niliitambua namba, sikushika.

Uongo ukishaanza, unajilisha wenyewe. Mchungaji alisikia nimepimwa na nikapatikana mzima, na kanisani kwetu jambo kama hilo halinyamaziwi. Jumapili niliitwa mbele nitoe ushuhuda. Nilisimama na kofia yangu mkononi, nikasema Bwana asifiwe, nikasema madaktari walitafuta wakakosa. Akina mama waliimba mpaka wengine wakalia. Mutisya alikuwa benchi la tatu, anaangalia viatu vyake.

Kidonda kilifunga, lakini kando yake kikaja kipele kingine, na halafu cha tatu. Ulikuwa msimu wa baridi, nikavaa soksi ndefu, nikanyamaza. Ikafika Agosti, mbaazi zimekauka shambani na upepo unapiga vumbi. Siku moja naoga, mkono wangu ukapita kwenye kinena, upande wa kushoto, ukasimama wenyewe.

Tezi. Ngumu, kubwa kama ndimu changa, ukiisukuma haiendi. Mikono yangu inajua kitu hicho kabla mimi sijafikiri. Mbuzi mwenye uvimbe wa namna hiyo pajani simnunui hata akitolewa kwa nusu bei, namrudishia mwenyewe papo hapo. Nilisimama na sabuni mwilini, nikasema kwa sauti, "Ndunge, wewe hata mimi singekununua." Halafu nikaketi sakafuni nikalia, maji yakiendelea kutiririka.

Jumamosi nilimngoja Mutisya uani. Alikuwa ananawa grisi kwa sabuni ya unga. Nikamwambia yote bila kupumua: chupa, choo, chai, simu, ushuhuda, tezi.

Hakushtuka. Aliendelea kusugua vidole.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ya Sultan Hamud. Kuna dereva wetu alikuona ukivuka barabara, ukapanda la kurudi. Alikuja akaniuliza kama mke wangu ameibiwa mzigo."

Ndiyo basi. Mimi si mtu wa kupotea kwenye umati.

"Umejua tangu mwezi wa tatu?"

"Tangu siku ile."

"Na ukaketi kanisani ukinisikiliza?"

"Niliketi. Ningefanya nini? Nilisema nikikuambia najua, utadhani ninakufuatafuata, na hospitali hutakanyaga tena. Nikasema nikungoje, useme mwenyewe." Akasuuza vidole. "Kumbe nilikuwa nangoja hii."

Nilimrushia ndala, zote mbili. Nilimwita majina ambayo siwezi kuandika. Hasira yenyewe haikuwa juu yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Miezi mitano watu wawili tumelala kitanda kimoja, kila mmoja anajua, kila mmoja anamvizia mwenzake aseme kwanza, na kile kitu kinapanda mguuni pangu polepole.

Daktari yule msichana hakunigombeza. Alisema, "Karibu tena, mama." Nikamwambia ukweli, kwamba ile ya kwanza niliimwaga chooni. Akaweka kalamu chini, akasema, "Asante kwa kuniambia." Akakata tena. Safari hii mimi mwenyewe nilitia chupa kwenye mfuko wa shati la Mutisya na kufunga kifungo. Halafu nikampigia simu kila nusu saa.

"Uko wapi?"

"Emali."

"Chupa?"

"Iko."

"Uko wapi sasa?"

"Sultan Hamud."

"Usishuke!"

"Sishuki, mama. Hata mkojo naubana."

Alipopiga kusema wameipokea na kumwandikia karatasi, nilipika chapati. Bado nilikuwa na hofu kwamba namba ya karatasi si yangu, nikamfanya anisomee mara tatu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Ni saratani ya ngozi, ile kali, melanoma, na imefika kwenye tezi. Niliuliza swali moja tu: "Kama ningeleta mwezi wa tatu?" Daktari alisema hawezi kujua. Halafu akaongeza, kwa sababu aliona siwezi kudanganywa, "Huenda ingekuwa bado mguuni tu." Sentensi hiyo ninaamka nayo mpaka leo.

Nilipasuliwa Oktoba, mawingu ya vuli yakiwa yanakusanyika. Walichimba nyama ya muundi, wakatoa ngozi ya paja kufunika shimo, wakafungua kinena kutoa tezi. Kisha dripu Nairobi, kila baada ya wiki tatu, kutoka mvua ya vuli mpaka mbaazi zilipovunwa tena. Kuhusu gharama sitaongea, presha itapanda.

Lile shimo la mguuni linatosha vidole viwili. Ngozi iliyohamishwa haifanani na jirani zake, ina mistarimistari. Jioni mguu unavimba mpaka kiatu kinakataa, nalazimika kuvaa soksi ya kubana ambayo kuivuta asubuhi ni kazi ya kutoa jasho. Dripu zilinipa mwasho wa kunitia wazimu, na uchovu ambao hata kijiko kilikuwa kizito. Siku za mwanzo sikukubali nesi aweke sindano kabla hajanisomea jina langu lililo kwenye mfuko wa dawa. Nesi mmoja alianza kunisomea kabla sijaomba, kila mara, bila kununa. Mwanamke huyo Mungu ambariki.

Kwenye benchi la Nairobi nilikutana na mzee mmoja wa Makueni, mweusi kama mkaa, ana bendeji kisiginoni. Alisema lilikuwa doa jeusi kwenye wayo, akadhani ni mwiba uliovunjikia ndani. Alilichokoa kwa wembe na pini mwaka mzima. Saratani ni ile ile yangu, ila daktari alimwambia yake si ya jua, wayo hauoni jua. "Mimi nilidhani haya ni mambo ya watu wa rangi yako," akaniambia. Nikamwambia hata mimi nilidhani ni mambo ya rangi yako, maana nilingoja doa jeusi. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Mzee huyo simuoni tena kwenye kliniki, na naogopa kuuliza.

Mumo alipofunga shule alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hivyo tulishukuru Mungu kwa uongo?" Hakuniongelesha likizo nzima isipokuwa mambo ya jikoni. Ilibidi nirudi mbele ya kanisa niseme nilichofanya. Hakuna aliyeimba. Lakini wiki iliyofuata mvua iliponyesha, akina mama watatu walikuja na majembe wakapanda ndengu zangu zote kabla ya saa nne, na hakuna aliyetaja ushuhuda. Mmoja alimleta mjukuu wake, mtoto wa rangi yangu, anataka nimwangalie. Nikamvua mpaka viatu. Nikampaka losheni masikioni, nyuma ya shingo, miguuni mpaka kwenye vidole, nikamwambia bibi yake: saa sita mnapaka tena, na kama ni kubana, baneni kitu kingine, si losheni.

Sasa naenda kupigwa picha za ndani ya mwili kila baada ya miezi mitatu. Daktari hajasema nimepona, amesema kwa sasa hawaoni kitu. Nimerudi sokoni, asubuhi tu, na sketi inayofagia.

Jambo la mwisho ni gumu kuandika. Mutisya aliacha kazi mwezi mzima anifunge kidonda. Siku moja ameinama, ananiosha mguu kwa maji ya vuguvugu, akauliza bila kuinua kichwa.

"Siku ile uliponinyang'anya chupa. Ulidhani nini?"

Ningeweza kudanganya. Nina ujuzi.

"Nilidhani umeniuza," nikasema.

Mikono yake ilisimama. Niliona mabega yakishuka. Alikaa hivyo mpaka maji yakapoa, halafu akachukua taulo, akanikausha vidole kimoja kimoja, akafunga bendeji, akaenda kumwaga maji. Hatujaliongelea tena. Bado ananifungia soksi asubuhi akiwa nyumbani, na kuna asubuhi naona ananiangalia kama mtu asiyejua amelala na nani.

Kwa hivyo wewe ambaye daktari amekuambia anataka kipande, na moyo umekataa, mimi sitakuambia uwaamini watu. Mimi mwenyewe bado siwaamini. Mshuku daktari, mshuku dereva, mshuku hata aliye kitandani mwako ukitaka. Lakini peleka chupa kwanza. Ukirudi, ndipo ushuku.